Deni la Kurudi: Safari ya Shujaa katika Masimulizi ya Kitui na Makueni

Nadharia ya safari ya shujaa, ambayo leo hufundishwa katika madarasa ya fasihi na kutumiwa na waandishi wa filamu katika mataifa mengi, ilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1949, pale Joseph Campbell, mwanazuoni wa Marekani, alipochapisha kitabu chake The Hero with a Thousand Faces, akidai kwamba visasili na ngano za watu mbalimbali, zikivuliwa majina na mandhari yake, hufuata mkondo mmoja: mtu huondoka nyumbani, huingia katika ulimwengu wa maajabu na majaribu, hushinda, kisha hurejea akiwa na neema ya kuwagawia watu wake. Hatua hizo tatu, yaani kuondoka, kujaribiwa na kurudi, alizigawa tena katika vipengele 17. Nyuma yake alikuwapo Carl Gustav Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyeeneza istilahi ya arketaipu, yaani sura ya msingi ya mhusika au tukio inayojirudia katika ndoto, dini na hadithi za watu wasiojuana, kama vile shujaa, mzee mwenye hekima, mama, mjanja na adui wa gizani. Kabla ya Campbell kuandika, Vladimir Propp wa Urusi naye alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1928, kwamba ngano za ajabu za Kirusi hujengwa kwa matendo 31 ya wahusika, ambayo si lazima yote yatokee katika kila ngano, lakini yanapotokea hufuatana kwa utaratibu ule ule.

Mpango wa Campbell una manufaa makubwa kwa mchambuzi, kwa kuwa humwezesha kuziweka bega kwa bega hadithi zilizozaliwa mbali mbali. Hata hivyo, unapopelekwa Kitui na Makueni, katika nchi ya Wakamba, hudhihirisha upungufu ambao haufai kufichwa. Campbell aliweka uzito wa safari katikati yake, penye jaribu kuu, ambapo shujaa hufa kwa namna fulani na kuzaliwa upya, na kwa sababu hiyo kurudi nyumbani, ingawa ameitaja na kuieleza hatua hiyo, huonekana kama tokeo la mabadiliko yaliyokwisha kukamilika ndani ya mtu. Masimulizi ya Ukambani hayakubali kirahisi mgawanyo huo wa uzito. Humo, aliyeshinda lakini hakurudi, au aliyerudi mikono mitupu, bado hajawa shujaa. Ushindi wake wa mbali ni deni, na deni hilo hulipwa mbele ya wale aliowaacha.

Sababu ya kwanza ya tofauti hii imo katika nchi yenyewe. Kitui imelala kati ya mto Athi na mto Tana, na Makueni iko ng'ambo ya Athi kwa upande wa kusini-magharibi, kuanzia vilima vya Mbooni na Kilungu vyenye rutuba hadi nyanda kavu za Kibwezi na Mtito Andei, na katika sehemu kubwa ya eneo hili mvua hunyesha kwa misimu miwili isiyoaminika. Njaa zilizopita zina majina, na watu huhesabu miaka kwa majina hayo: iko Ngomanisye, ile njaa kubwa ya mwaka 1898 na 1899 iliyosambaa kila mahali, na iko Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, inayoitwa hivyo kwa sababu watu walikufa njaa huku wameshika fedha, kwa kukosa chakula cha kununua. Katika nchi ya namna hii kuondoka nyumbani si tamaa ya kuona maajabu. Mtu huondoka ili kutafuta nafaka kwa majirani wa milimani, maji, malisho, nyama au bidhaa za kubadilishana, na nyuma yake wamebaki watoto na wazee wanaohesabu siku. Ndiyo maana ile hatua ambayo Campbell aliiita kukataa wito, ambapo shujaa husitasita akijiuliza kama anastahili kusafiri, haina nafasi kubwa katika masimulizi haya. Mwito wenyewe unatoka tumboni mwa watu wote, na haumwachii mtu muda wa kujiuliza.

Mapokeo ya asili ya Wakamba nayo ni masimulizi ya mwendo. Yanaeleza kwamba watu walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita vilima vya Chyulu na nchi ya Kibwezi hadi Mbooni, na kutoka Mbooni baadhi yao wakavuka Athi wakaijaza Kitui. Kwenye mwamba wa Nzaui, katika Makueni ya leo, huonyeshwa alama zinazosemwa kuwa nyayo za watu wa kwanza walioletwa duniani na Mulungu, na karibu na mji wa Kitui umesimama mwamba wa Nzambani, ambao husemekana kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Wahakiki wa safari ya shujaa hupaita mahali pa namna hii vizingiti, yaani mipaka kati ya ulimwengu wa kawaida na ulimwengu mwingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba vizingiti hivi havipo katika nchi za kufikirika. Vinaonekana njiani, na mtoto anayekwenda shule huvipita.

Mashujaa wa Ukambani hawakuhifadhiwa katika utendi mrefu kama ule wa Fumo Liyongo wa pwani au ule wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki, bali katika ngano za jioni na katika mighani, yaani masimulizi ya watu wanaoaminiwa kuwa waliishi kweli. Ngano hizo zilibahatika kupata wakusanyaji wawili hodari. Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alizichapisha katika juzuu za miaka ya 1920 na 1930. Na John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alitoa mkusanyiko wake wa Akamba Stories mwaka 1966, miaka mitatu kabla ya kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alisomesha Makerere, akaishi miaka mingi Uswisi, na mwaka 2014 likachapishwa Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kikamba kutoka Kigiriki. Msomaji akitaka kuona mtu aliyekwenda mbali na kuendelea kulipa deni la nyumbani, hana haja ya kutafuta katika ngano peke yake.

Katika ngano za mazimwi, ambazo ndizo tajiri zaidi kwa uchambuzi huu, adui mkuu ni zimwi, ambalo Wakamba huliita iimu, nalo hujitokeza mara nyingi likiwa na sura ya kijana mzuri anayewavutia wasichana katika ngoma, huku limeficha kisogoni mdomo wa pili. Msichana humfuata mgeni huyo, na safari ya arusi hugeuka safari ya kifo mpaka aokoke kwa akili yake au aokolewe na ndugu yake. Hapa ipo fursa ya kuuliza swali ambalo Campbell hakulijibu vizuri, nalo ni nafasi ya mwanamke, ambaye katika mpango wake huelekea kuwa tuzo, kishawishi au mama anayengojewa. Mwandishi Maureen Murdock alijaribu kuurekebisha mpango huo mwaka 1990 kwa kuandika juu ya safari ya shujaa wa kike. Lakini katika ngano za Ukambani msichana yuko barabarani tangu mwanzo, kwa sababu ndiye anayetumwa mtoni na msituni, na kwa sababu ndoa yenyewe, kwa desturi, ni kuondoka kwa mwanamke kwenda kwenye nyumba ya wageni. Hatari anazokutana nazo katika hadithi ni hatari za maisha aliyoandaliwa, zikiwa zimepewa meno.

Kilele cha ngano kadhaa za aina hii, za Wakamba na za majirani zao Wakikuyu, kinastahili kutazamwa kwa makini. Zimwi limekwisha kumeza watu na mifugo, kijana analishinda, nalo, likikaribia kukata roho, linamwagiza akate kidole chake, na kidole kinapokatwa, watu, ng'ombe na mbuzi waliomezwa hutoka wakiwa hai. Campbell alilieleza tumbo la mnyama mkubwa kuwa mahali ambapo shujaa mwenyewe humezwa ili azaliwe upya, na mfano wake maarufu ni nabii Yona. Ngano hizi zinageuza jambo hilo: aliyemezwa ni jamii nzima, na anayezaliwa upya ni kijiji pamoja na mali yake, wakati shujaa amebaki nje akiwa na kisu. Hakuna ishara iliyo wazi kuliko hii ya kwamba katika fikra iliyozitunga, neema inayoletwa na shujaa haiwezi kuwa hekima ya moyoni mwake peke yake.

Shujaa huyo mara nyingi ni mdogo, yatima, au mtoto aliyedharauliwa, na katika hili Ukambani inakubaliana na pwani. Katika ngano ya Zanzibar ya Nunda mla watu, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, muuaji wa mnyama huyo ni mwana wa Sultani Majnuni aliyejulikana kwa kukaa jikoni, naye humletea mama yake mnyama baada ya mnyama, akiambiwa kila mara kwamba huyo siye. Uamuzi kwamba kazi imekwisha hautolewi na shujaa. Hutolewa na mama aliye nyumbani.

Kuhusu arketaipu ya mjanja, ambayo katika ngano za Wakamba huchukuliwa hasa na sungura dhidi ya fisi, simba na ndovu, inatosha kusema kwamba sungura huenda na kurudi bila kubadilika na bila kuleta chochote cha kugawa. Wasikilizaji humpenda, watoto humwiga, lakini katika ngano iliyoenea kote Afrika Mashariki, ambapo wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame naye anakataa kuchimba kisha anaiba maji, hukamatwa na kuaibishwa. Akili yake inasifiwa mpaka inapogusa maji ya wote.

Mighani inaleta ushahidi mzito zaidi, na hakuna mighani ya Kitui inayostahili kuchambuliwa kwa kina kama ile ya Kivoi wa Mwendwa. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu katikati ya karne ya 19, aliyeongoza misafara ya mamia ya watu kutoka Kitui kupitia nyika hadi Rabai na Mombasa. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipokelewa naye Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa katika nchi ya mwenyeji wake, aliuona Mlima Kenya wenye theluji, ambao Kivoi alikuwa amekwisha kumweleza habari zake. Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana, na karibu na mto huo msafara ukashambuliwa na Kivoi akauawa.

Kitabu ambacho Krapf alikichapisha baadaye kuhusu safari zake kinayasimulia matukio hayo kwa namna inayofanana mno na mpango ambao Campbell angeueleza karibu karne moja baadaye. Msafiri anavuka kizingiti cha nyika, anampata msaidizi mwenye nguvu, msaidizi anakufa, msafiri anabaki peke yake porini, akilala mchana na kutembea usiku, akibeba maji ya Tana ndani ya mfuko wa darubini na katika mitutu ya bunduki, anaponea chupuchupu na hatimaye anafika Rabai. Katika mpango huo Kivoi ni arketaipu ya mwongozaji, mhusika ambaye hufa ili shujaa akomae. Wasomaji wengi wa historia ya Kenya, hata wa Kenya yenyewe, wamempokea Kivoi katika nafasi hiyo ya pembeni, wakimkumbuka kama mtu aliyemwonyesha Mzungu mlima.

Ukisimama Kitui, safari ile ile inapata mwenyewe mwingine. Kivoi ndiye mkuu wa msafara, mlezi wa watu na mali, na anayetarajiwa kurudi. Krapf ni mgeni aliyefuatana naye, mgeni ambaye watu walidhani ana uwezo wa kumlinda rafiki yake. Krapf mwenyewe ameandika kwamba alipojitokeza akiwa hai, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, wakamwona kuwa hakumkinga kiongozi wao wala hakufa pamoja naye, hata akahofia maisha yake na kutoroka usiku. Msomaji wa mbali anaweza kulichukua tukio hilo kuwa dalili ya ushirikina, lakini msingi wa lawama yenyewe ni sheria ya masimulizi iliyokwisha kuonekana katika ngano: anayerudi peke yake lazima aeleze waliko wenzake. Krapf alirudi bila Kivoi, na kwa hiyo, machoni pa waliokuwa wakingoja, safari haikuwa imetimia. Arketaipu, basi, hazikai ndani ya watu kama rangi ya macho. Hutolewa na msimulizi, kulingana na mahali alipokaa anaposimulia, na mchambuzi asiyeuliza hadithi inasimuliwa nyumbani kwa nani atamfanya shujaa wa watu kuwa mtumishi wa mgeni.

Syokimau, mtabiri wa kike ambaye masimulizi yake yamevuka mipaka ya Machakos na kuenea Ukambani kote, ni shujaa asiyeondoka. Inasimuliwa kwamba aliona kabla ya wakati wake nyoka mrefu atemaye moto na moshi akitoka kwenye maji makubwa ya mashariki kwenda kwenye maji ya magharibi, na watu wenye ngozi kama nyama mbichi wanaobeba moto mifukoni. Nyoka huyo hufasiriwa kuwa treni: ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Mpango wa Campbell unamweka mtu kama Syokimau katika kundi la wazee wenye hekima wanaomwandaa shujaa, lakini katika masimulizi yake hakuna kijana anayeandaliwa. Ni ulimwengu mgeni unaofanya safari na kuja mlangoni, na ushujaa ni kuwaambia watu ukweli kabla haujafika. Kituo cha treni chenye jina lake kilifunguliwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2017 baadhi ya treni za reli mpya zinazoondoka upande huo wa Nairobi husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei zikielekea pwani.

Mwaka 1938 mwondokaji alikuwa umma. Serikali ya kikoloni, ikidai kwamba ng'ombe walikuwa wengi kupita kiasi na kwamba wanaharibu udongo, ilianza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa tayari Athi River. Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, waliondoka kwa miguu mwezi Julai kwenda Nairobi kumwona Gavana Robert Brooke-Popham, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, na kiongozi wao Muindi Mbingu, wa chama cha Ukamba Members Association, akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Sera ya kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu iliachwa. Kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja, Muindi Mbingu ni shujaa aliyezuiwa mbali na nyumbani. Kwa kipimo cha masimulizi ya Ukambani, ng'ombe walibaki zizini, na hilo linatosha kumpa jina. Mtaa wa katikati ya Nairobi unaitwa kwa jina lake, ingawa wengi wanaoupita hawajui ni ng'ombe gani waliolipiwa kwa uhuru wa mtu huyo.

Mfano uliokamilika kuliko yote, kwa maoni ya sura hii, hauna zimwi wala bunduki. Mutisya Munge wa Wamunyu, karibu na mpaka wa Kitui, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo viliwapeleka Waafrika wengi huko kubeba mizigo ya majeshi, na wengi wao hawakurudi. Inasimuliwa kwamba huko alijifunza kuchonga vinyago vya mpingo kutoka kwa Wazaramo, akarudi na ujuzi huo, na ujuzi ukapita kutoka kwake kwenda kwa watoto na majirani mpaka uchongaji ukawa riziki ya maelfu ya familia za Wakamba, kutoka Wamunyu hadi Changamwe, Mombasa, kulikoundwa ushirika wa wachongaji. Hatua zote tatu za Campbell zimo humo, lakini ya tatu ndiyo iliyomfanya akumbukwe, kwa maana bila kurudi kwake angekuwa jina moja katika orodha ndefu ya wabeba mizigo waliopotea.

Fasihi andishi imejaribu kumhamishia mjini shujaa wa Ukambani. David Maillu, mwandishi kutoka Makueni, alimbuni Benni Kamba, jasusi mwenye namba 009, katika riwaya The Equatorial Assignment ya mwaka 1980, shujaa wa upelelezi anayeipigania Afrika dhidi ya maadui wa nje. Msomaji hufurahia kasi yake, lakini kwa kipimo kilichojengwa katika sura hii Benni Kamba ni mwepesi kuliko kijana wa ngano, kwa sababu bara zima haliwezi kukaa mlangoni kumngoja mtu kama mama anavyomngoja mwanawe.

Kenya imeweka tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, na mwaka 2025 sherehe za kitaifa zilifanyika Kitui, katika uwanja wa Ithookwe. Itakuwa hasara kubwa ikiwa wanafunzi wa kaunti hiyo na ya Makueni wataendelea kujifunza vipengele 17 vya Campbell bila kumsikia Kivoi akisimuliwa kwa upande wa Kitui. Walimu wa Fasihi Simulizi wawatume kwa wazee wanaozikumbuka ngano na mighani hizi wangali hai, wazirekodi kwa Kikamba kama zinavyotambwa, na katika kila moja waulize maswali mawili kabla ya kuchora hatua yoyote ya safari: shujaa huyu amerudi na nini, na nani walikuwa wakimngoja?